Pembetatu Iliyokosa Kipimo

Mkuu wangu wa idara alikuwa mwalimu mzuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi. Angekuwa mwalimu mbovu ningemsamehe mapema, maana mtu hatoi asichokuwa nacho. Lakini yule alikuwa nacho. Siku moja nilikwenda dukani pale Bariadi mjini kununua kitambaa, nikasikia sauti yake ikitoka chumba cha nyuma ya duka, anawafundisha wanafunzi wetu wa kidato cha pili namna ya kutafuta upande wa pembetatu. Nilisimama na kitambaa mkononi nikamsikiliza. Aliuliza, akasubiri, akachora upya, akamtania aliyekosea mpaka yule mtoto akacheka na kuelewa. Somo hilohilo, asubuhi ya siku hiyohiyo, alikuwa ameliandika ubaoni pale shuleni, akawaambia wanakili, akatoka kwenda kusoma gazeti ofisini.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Pamba ilikuwa imetoka mikononi mwa ushirika na wanunuzi binafsi walikuwa wakizunguka vijijini na malori yao, kila mmoja na mizani yake. Maduka yalijaa redio na vitenge. Ada ya shule ilipanda, na mishahara yetu walimu ilikuja pale ilipojisikia kuja. Mwalimu wa historia alifuga kuku wa mayai. Wa baiolojia alikuwa na kilabu cha pombe nyuma ya soko. Mimi jioni nilishona sketi za sare. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kutafuta riziki, na tuisheni yenyewe siioni kuwa dhambi. Ila kilichokuwa kinafanyika kwetu kilikuwa kitu kingine. Somo lilifichwa asubuhi ili liuzwe jioni, kisha mtihani wa kidato kizima ukatungwa kutokana na kile kilichouzwa.

Hilo la mwisho sikulijua mara moja. Nilikuwa mgeni kazini, nimetoka chuoni, kwetu ni Nyalikungu pale Maswa, na nilifurahi kupangiwa karibu na nyumbani. Nilipewa kufundisha hesabu mkondo mmoja wa kidato cha pili, yeye akafundisha mwingine. Desturi ya shule ilikuwa kwamba mkuu wa idara ndiye anayetunga mtihani wa mwisho wa mwaka, peke yake, na ndiye anayesahihisha karatasi zote, za darasa lake na za darasa langu. Mtihani huo ndio uliokuwa unaamua nani aingie kidato cha tatu katika mkondo wa sayansi na nani aende sanaa, kwa sababu maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza chache. Nikiuliza mtihani utahusu nini, niliambiwa utahusu mtaala.

Katika darasa langu alikuwamo msichana kutoka Nkoma. Wazazi wake walikuwa wakulima wa pamba, na yeye alikaa kwa shangazi yake karibu na stendi. Shangazi alikuwa mama lishe. Kengele ya kutoka ikilia, yule binti alikwenda moja kwa moja kuosha masufuria na kuchota maji, na vitabu alivishika baada ya hapo. Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma ndani, wenzake wa mjini wakimcheka kila alipotia l mahali pa r. Hesabu alizifanya polepole. Kulikuwa na namna yake ya kunyoosha mkono mwisho wa kipindi, wakati wengine wameshafunga madaftari.

"Mwalimu, jibu nimelikubali," alikuwa akisema. "Lakini sijaona kwa nini."

Nilimpenda kwa hilo. Mwalimu wa hesabu akipata mtoto mmoja wa namna hiyo kwa mwaka, mwaka wake haukupotea.

Mtihani ukafika. Kwa utaratibu wetu mwalimu hasimamii somo lake, kwa hiyo siku ya hesabu nilikuwa chumba kingine nikisimamia jiografia ya kidato cha kwanza. Sikuiona karatasi ya maswali. Majibu yalisahihishwa, matokeo yakabandikwa ukutani nje ya ofisi, na siku ya kufunga shule wanafunzi wakarudishiwa karatasi zao. Yule binti wa Nkoma jina lake lilikuwa chini kidogo tu ya mstari. Sanaa.

Alinifuata nikiwa nafunga kabati la darasa. Hakulia. Alinyoosha karatasi yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, naomba unionyeshe nilipokosea hapa."

Lilikuwa swali la pembetatu. Stensili ilikuwa imechanika mahali pale wakati wa kudurufu, na michoro yote ikatoka hivyo hivyo: pembetatu mraba, upande mrefu kabisa umeandikwa sentimita tisa, pande nyingine mbili tupu. Tafuta eneo lake. Yeyote anayejua hesabu anajua kwamba eneo hilo haliwezi kupatikana. Inatakiwa kipimo cha upande mmoja zaidi. Yule mtoto alikuwa ameandika, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba upande wa pili haukupewa kipimo, hivyo swali halina jibu moja. Chini yake alikuwa amechora pembetatu mbili tofauti zenye upande huohuo wa tisa, kuonyesha kwamba maeneo yake hayalingani. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya yote hayo kwa mstari mmoja, na pembeni pameandikwa sifuri.

"Ulimwambia msimamizi?" nikamuuliza.

"Nilinyoosha mkono. Akasema fanya unavyoelewa."

"Hukukosea," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. "Sasa mbona wenzangu walipata?"

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. Nilitoka nje nikawaomba wanafunzi wangu wote karatasi zao kabla hawajatawanyika. Wengi walikuwa wameliacha swali lile tupu, au wamezidisha tisa kwa kitu chochote. Lakini wachache walikuwa wamelipata, na wote walikuwa na jibu moja, jibu la kipeuo, la aina ambayo huwezi kuibahatisha hata ukiota. Mmoja wao alikuwa ameijaza mwenyewe kwenye mchoro sentimita nne ambazo hazikuwapo. Wote hao niliwafahamu. Ndio waliokuwa wakienda jioni chumba cha nyuma ya duka.

Watoto wale waliandika jibu sahihi la swali lisilo na jibu, na mwalimu wao akawapa tiki. Aliyeona ukweli akapewa sifuri. Nilisimama pale kwenye uwanja wa shule na zile karatasi, watoto wakiimba kwa kufunga shule, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba.

Nilimkuta mkuu wa idara ofisini, anakusanya vitu vyake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Nilimwekea karatasi mbili mbele yake, ya binti wa Nkoma na ya yule aliyejaza sentimita nne. "Swali hili halina kipimo cha upande wa pili."

Akaangalia. "Stensili ilichanika. Mambo ya mchapaji hayo."

"Waliolipata walilipataje?"

"Walikuwa wamejiandaa."

"Na huyu aliyeandika kwamba kipimo hakipo?"

"Huyo hakujibu swali."

"Swali halikuwa na jibu, mwalimu."

Akafunga mkoba wake, taratibu, bila ubaya wowote usoni. Hata leo namkumbuka alivyokuwa mtulivu. "Dada yangu, wewe bado huna mtoto anayesoma. Siku utakapokuwa naye utanielewa. Hizi ni nyakati za soko huria. Anayetaka zaidi anafuata zaidi, na mimi simfungii mtu mlango."

"Huyu jioni anaosha masufuria."

"Basi aoshe. Sanaa nayo ina kazi zake."

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alikuwa mzee mpole aliyekaribia kustaafu, na kiu yake kubwa ilikuwa afike huko bila kelele. Alizitazama karatasi, akavua miwani, akavaa tena. Akasema orodha imeshabandikwa. Akasema kama nina ushahidi kwamba maswali yalivuja, niulete.

"Ushahidi ndio huo, mkuu."

"Huu ni ushahidi wa stensili kuchanika," alisema. "Nenda likizo, mwalimu. Pumzika."

Sikupumzika. Nilishona sketi nikiwa nimekunja uso, mpaka jirani yangu akaniuliza nimefiwa na nani. Nilichokuwa nakiwaza ni kwamba mtihani ni ahadi. Unamwambia mtoto: keti hapa, mimi nitapima unachokijua, na nitampima mwenzako kwa kipimo hichohicho. Mtoto anakuamini kwa sababu hana njia nyingine. Anaweka kichwa chini anaandika. Na wewe mtu mzima, mwenye cheti chenye muhuri, umeshaamua kabla hajashika kalamu.

Katikati ya likizo nilipata mgeni. Alikuwa mwanafunzi wangu, mtoto wa mwenye duka lile la vitambaa, duka lenye chumba cha nyuma. Ndiye aliyeongoza katika hesabu. Alisimama mlangoni akikunja kofia yake mpaka nikamwambia aingie.

"Mwalimu," akasema, "mtihani ule mimi nilikuwa nimeshaufanya."

"Wapi?"

"Tuisheni. Wiki ya mwisho. Maswali yote, namba zilezile. Mwalimu alisema ni mazoezi. Nilipofungua karatasi siku ya mtihani nilidhani nimepewa daftari langu."

Nilidhani amekuja kuungama na nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza. Kumbe hakuja kwa hilo.

"Naomba unitungie mwingine," akasema. "Nataka nijue kama najua."

Nilimtungia palepale, mada zilezile, namba tofauti, sura tofauti. Akafanyia mezani kwangu mimi nikiendelea na cherehani. Nilipomsahihishia alikuwa amepata kama nusu. Alizishika zile karatasi akaziangalia kwa muda mrefu.

"Baba amewaambia watu wote dukani kwamba mimi ni wa kwanza."

"Nusu si haba," nikamwambia. "Nusu hii ni yako."

Alikasirika. Sijui kama alinikasirikia mimi, au mwalimu wake, au baba yake. Aliaga kwa adabu, akatoka anatembea haraka. Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani walioonewa ni wale wasiokwenda nyuma ya duka. Yule mtoto alikuwa ameibiwa vilevile. Alikuwa amepewa maksi, akanyimwa habari zake mwenyewe.

Baba yake alikuja baada ya siku chache. Nilimwogopa, nasema kweli. Chumba cha tuisheni kilikuwa chake, na mabati ya bwalo la shule yalitoka kwake. Alikuwa mtu wa Tabora aliyekaa Bariadi miaka mingi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikataa chai.

"Mwalimu, mtoto anasema maksi zake ni za uongo. Ni kweli?"

"Ni kweli. Anajua nusu."

"Mimi nilinunua mafundisho," akasema. "Sikununua maksi. Na mtihani wa taifa nao nitaununua wapi?"

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa shule. Na hapa pana jambo jingine ambalo halijawahi kunitoka rohoni. Mimi nilipopeleka karatasi mbili zenye ukweli mtupu, mkuu aliona stensili. Mwenye mabati alipoongea, bila karatasi hata moja, kikao kiliitishwa kabla ya wiki kwisha. Nilikipata nilichokitaka, na sikuweza kukifurahia, kwa sababu nilijua kwa nini kimepatikana.

Kikao kilikuwa na mkuu, sisi walimu wa hesabu, msimamizi wa siku ile, na wazazi wachache. Baba wa yule binti alikuja kwa baiskeli kutoka Nkoma, shati lake limelowa mgongoni. "Mwadila," alisalimia, tukamwitikia, akakaa kiti cha karibu na mlango. Alizungumza Kisukuma, mimi nikafasiri kwa wasiokisikia. Mkuu alieleza habari za stensili na jinsi shule inavyosikitika. Alieleza kwa kirefu. Alipomaliza, mzee akasema ana jambo moja tu la kuuliza.

"Katika swali lile, mtoto wangu alikosea nini?"

Mkuu wa shule akamgeukia mkuu wa idara. Mkuu wa idara akasema mwanafunzi anatarajiwa kuonyesha jitihada za kufikia jibu, kwamba katika hesabu kuna maksi za njia. Nilifasiri yote hayo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikosea nini?" akauliza tena, safari hii kwa Kiswahili.

Mwenye duka alikuwa akitazama dirishani. Baadaye mkuu wa shule akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mtihani wa hesabu utarudiwa shule ikifunguliwa, kwa mikondo yote miwili.

Nilidai masharti kabla hatujainuka, maana nilijua nikitoka nje ya mlango ule sitasikilizwa tena. Mada zitakazopimwa zibandikwe ukutani, kila mtoto azione. Sisi wawili tutunge pamoja, na mwalimu wa shule nyingine ayapitie maswali kabla ya kudurufu. Watoto waandike namba, wasiandike majina. Kila swali lisahihishwe na mtu mmoja kwa watoto wote. Swali likionekana lina kasoro, lifutwe kwa wote. Mwalimu wa historia alisema baadaye kwamba nilikuwa nataka kujenga bunge kwa ajili ya pembetatu. Sikumcheka. Hakuna hata sharti moja kati ya hayo lililohitaji mtambo au mfadhili. Yote yalihitaji watu wazima wakubali kutazamwa.

Tulifundisha marudio wiki za kwanza, asubuhi, saa za darasa, ambapo hata anayeosha masufuria yupo. Kisha wakafanya. Nisiseme uongo kwamba dunia ilipinduka. Baadhi ya watoto wa tuisheni walibaki juu, maana walikuwa wamefundishwa vizuri na yule mtu. Baadhi ya wangu, niliowapigania, walianguka, na niliwaandikia maksi zao kwa mkono huuhuu. Yule wa duka alikosa sayansi kwa maksi chache, akaenda sanaa. Baba yake hakuja kulalamika. Binti wa Nkoma alifaulu vizuri, akaingia sayansi.

Watu wengi wakisikia habari hii hufurahi hapo, wakaniambia haki ilitendeka. Mimi nilimwita yule binti baada ya matokeo nimpongeze. Tulikaa nje ya maabara. Akaniambia jinsi alivyokaa likizo.

"Siku ile niliandika kwamba kipimo hakipo, kisha nikainua kichwa nikaona wenzangu wanaandika tu. Nikadhani wao wameona kitu ambacho mimi sikioni. Nyumbani nilikuwa naichora chini kwa kijiti. Kila siku naichora. Mama akaniuliza, mbona unaongea peke yako."

"Lakini nilikwambia hukukosea."

"Nilidhani unanihurumia, mwalimu."

Nafasi tulimrudishia. Likizo ile hatukuweza kumrudishia. Miaka miwili iliyofuata nilimwona, kila akimaliza swali, akichungulia daftari la jirani, kuhakikisha. Mtoto aliyekuwa akiniuliza kwa nini alikuwa sasa ananiuliza, "Hivi ndivyo, mwalimu?" Alimaliza, akafaulu wastani, akaenda chuo cha kilimo. Nasikia anashughulika na mbegu, na kwamba anaheshimika huko aliko. Nafurahi. Furaha hiyo haijaiondoa hasira, vimekaa pamoja tu kama wapangaji wawili wasioongea.

Utaratibu wangu ulidumu kwa muda nikiwapo. Kisha mkuu mpole akastaafu, akaja mwingine, na mimi nikapewa uhamisho wa kwenda wilaya ya Meatu, upande wa Kimali, kwa manufaa ya umma. Umma gani, barua haikusema. Mwalimu wa historia alinieleza baadaye kwamba mtihani uliofuata ulitungwa na mtu mmoja, ukasahihishwa na mtu huyohuyo, na majina yakarudi juu ya karatasi.

Nilihama kwa lori lililokuwa likienda kuchukua pamba. Mkuu wa idara alikuja kunisindikiza. Alikuwa mtu wa adabu, hilo nalo nitalisema. Alipandisha godoro langu mwenyewe, akalifunga kwa kamba ili lisilowe likikutana na mvua njiani, akavuta fundo kuhakikisha limekaza. Kisha akanipa mkono.

"Usiondoke na kinyongo, dada."

"Naondoka nacho," nikamwambia.

Alibaki ameshika mkono wangu kwa kitambo, kama anasubiri nicheke. Sikucheka. Dereva akawasha lori, nikapanda mbele.